Chachu ya Nyiraneza

Mukandayisenga aliinama juu ya mtungi, akabandika sikio ubavuni mwake, akasikiliza. Pombe ya mtama inapoiva huwa inasema. Kwanza hunong'ona, kisha hutokota yenyewe bila moto, na mpishi anayejua kazi yake huweza kukaa jikoni amefumba macho akajua imefikia wapi. Mtungi ule ulikuwa kimya. Alifunua kitambaa akachungulia. Uso wa pombe ulikuwa umetulia, mwekundu, hauna hata povu la kusingizia. Akachovya kidole, akalamba. Tamu. Tamu kama uji wa mtoto, na utamu huo ndio uliomtia hofu, maana hiyo ilikuwa togwa, na mumewe hakuomba togwa.

Silvère aliomba ikigage, pombe yenyewe ya mtama iliyoiva. Aliomba akiwa upande wa pili wa waya wa gereza, sauti imemkauka, watu wamembana kulia na kushoto.

"Siku nitatoka, nataka kitu moja tu," alimwambia. "Ikigage ya nyumba yetu. Na watu wa pale kwetu wakae na mimi, tunywe."

Alikuwa karani wa ghala la maharage kule Nyabugogo, mtu wa kalamu sikioni na mzaha mdomoni, ambaye hata kuku wa sikukuu alichinjiwa na jirani kwa kuogopa damu. Mwezi wa Oktoba vita ilipoanza mpakani, askari walipita mtaa wao wa Rwezamenyo nyumba kwa nyumba wakimfuata mwenyeji wa kuwaonyesha, wakambeba Silvère na wengine wengi. Walisema ni icyitso, kibaraka wa maadui. Hakuna aliyemhoji neno la maana, hakuna aliyemshtaki. Walimweka tu, kama gunia linalosubiri lori. Sasa ilikuwa Aprili, mvua haikatiki, na habari ilikuwa imefika kwamba kundi lake litaachiwa kabla ya Jumapili.

Msidhani mtu hurudi nyumbani kwa kuingia mlangoni. Katika uchochoro ule, aliyetoka mbali, iwe hospitali, iwe jela, alihesabiwa kuwa amerudi siku majirani walipokaa naye kuuzunguka mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Kabla ya hapo alisalimiwa kwa ncha ya ulimi tu. Mukandayisenga aliijua hesabu hiyo vizuri. Mtungi ukiiva, watu wataingia, watanyonya, na Silvère atakuwa jirani tena. Usipoiva, atabaki kibaraka aliyeachiwa, na kibaraka aliyeachiwa ni mtu wa kuchukuliwa tena wakati wowote bila mtu kuuliza.

Chachu yake mwenyewe ilikuwa imekufa kwa sabuni. Tuseme ukweli, ilikufa kwa wema. Siku zile alizokuwa akishinda kwenye foleni ya gereza na kikapu cha viazi, jirani yake Mama Shami alikuwa akimfagilia nyumba. Mama Shami alikuwa Mwislamu wa Rwezamenyo hasa, babu yake mfanyabiashara aliyetoka pwani, mwanamke ambaye hajawahi kuramba pombe tangu azaliwe. Juu ya mafiga alikuta kibuyu kinanuka, ndani kimeganda uchafu wa rangi ya kahawia. Akakisugua kwa sabuni ya unga, akakisuuza, akakianika juani mdomo wazi.

"Nimekusafishia, mwanangu," alisema kwa fahari. "Kulikuwa na uozo humo, sijui ulikuwa unakula nini."

Uozo huo ulikuwa chachu ya mama mkwe wake, iliyopitishwa kutoka pombe hadi pombe tangu kabla Silvère hajaota meno. Mukandayisenga alisema asante. Angesema nini kwa mtu pekee aliyemletea chakula, wakati wengine walikuwa wakivuka njia wasikutane naye? Alikwenda nyuma ya nyumba akalia kidogo, kisha akacheka kidogo, kisha akapiga moyo konde na kwenda kwa Nyiraneza.

Hapo ndipo penyewe. Nyiraneza alipoletwa uchochoroni kama bibi harusi, Mukandayisenga ndiye aliyemmegea chachu, akamfundisha kuitundika penye joto. Kwa hiyo chachu ya Nyiraneza ilikuwa ile ile ya kwake. Na wapika pombe wa pale walikuwa na miiko yao miwili: chachu hainyimwi, hata awe adui yako aliyeomba, na aliyetoa chachu ndiye hupewa mrija wa kwanza baada ya mwenye nyumba kuonja. Lakini mume wa Nyiraneza alikuwa Munyakazi, kiongozi wa selile, mkuu wa serikali pale mtaani, aliyeitwa resiponsabule. Ndiye aliyetembea mbele ya askari Oktoba ile, akinyoosha kidole. Mukandayisenga alimwona kwa macho yake. Tangu siku ile hakuwa amekanyaga kizingiti chao.

Alimkuta Munyakazi sebuleni na redio yake, miguu juu ya kigoda.

"Ee, jirani yetu," alisema akipunguza sauti ya redio. "Tunasikia bwana yako anarudi."

"Mungu akipenda, resiponsabule."

"Na utapika pombe?"

"Kidogo tu. Ya kumpokea. Nilikuja kuomba chachu kwa mama."

"Mpatie, mpatie," Munyakazi alimwambia mkewe bila kumtazama. "Ni vizuri. Watu waje wanywe. Na sisi tutaona nani iko anakuja."

Nyiraneza alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge. Aliingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu mno kwa kazi ya kumega chachu, na moshi ulianza kuchungulia kwenye vigae vya paa. Hatimaye alitoka na kifurushi cha jani la mgomba, akamkabidhi kwa mikono miwili kama inavyopasa, macho chini. Kifurushi kilikuwa na joto. Mukandayisenga alidhani ni joto la kutundikwa juu ya mafiga, akashukuru moyoni kwamba chachu imetunzwa.

Sasa mtungi ulikuwa kimya, na kwanza alijilaumu mwenyewe. Labda aliitia chachu pombe ikiwa bado moto. Lakini hapana, alikuwa ameijaribu kwa kiwiko kama maji ya kuogeshea mtoto, ilikuwa vuguvugu. Labda ni baridi ya mvua. Akauvika mtungi blanketi la kitandani, akausogeza karibu na makaa, akautia na konzi ya unga mpya wa kimea ili chachu ipate cha kula. Akasubiri. Akasikiliza. Kimya.

Mama Shami, aliyekwisha kuambiwa kosa lake na kulilia kuliko mwenyewe, alileta kopo la hamira ya mandazi. "Jaribu hii, basi. Si zote ni za kuumua?"

Mukandayisenga alijua pombe ya hamira hunuka mkate, na Silvère angeitambua kabla ya kumeza. Hata hivyo alikoroga kijiko katika kikombe cha togwa vuguvugu. Hamira ilizama chini kama mchanga. Kopo lilikuwa la kabla ya vita; tangu Oktoba dukani hapakuwa na jipya. Mwaka ule kila kilichotakiwa kuamka kilikataa.

Ndipo alipokumbuka kupima ile chachu yenyewe, jambo ambalo angelifanya mwanzo kabisa kama angekuwa anamwomba mtu mwingine. Kwenye jani la mgomba kulikuwa na masalio. Aliyatia katika kikombe kingine, akayapa joto la kiganja. Hayakutoa hata pumzi. Akayanusa. Chachu hai huchoma pua, hukufanya upige chafya. Hii ilinukia ugali. Alinusa tena, polepole. Ule muda jikoni. Ule moshi. Lile joto.

"Ameipika," alisema.

"Nani kapika nini?" aliuliza Mama Shami.

"Nyiraneza. Alishindwa kuninyima, akaipika kwanza, ndiyo akanipa. Na mikono mbili! Amenipatia maiti, mama."

Mukandayisenga alitukana matusi ambayo hakujua anayajua. Kuchukuliwa mume na Munyakazi, hilo aliweza kulielewa, Munyakazi alikuwa na wakubwa zake na njaa yake ya cheo. Lakini huyu ni mwanamke ambaye yeye Mukandayisenga alimshika mkono alipokuwa akijifungua. Chuki iliyomjaa siku ile ilikuwa safi, haina takataka ya huruma hata chembe, na ilimpa nguvu kuliko chakula.

Asubuhi yake alishuka Nyabugogo kwa miguu. Nyuma ya stendi ya mabasi palikuwa na mjane aliyewauzia wapagazi ikigage, na mitungi yake haikuwahi kukauka, vita au bila vita. Alimpa tope la chini ya mtungi, hai kabisa, akamjazia kibuyu.

"Usikifunge sana," mjane alimwonya. "Hiyo iko na hasira."

Lakini mvua ilikuwa inanyesha, naye alikifunga sana. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alitazama kitambulisho chake, akakawia kwenye ule mstari wa kabila wanaoukawilia wote, kisha akakiashiria kibuyu.

"Ndani iko nini?"

"Chachu, afande. Ya pombe."

"Fungua."

Alifungua. Kibuyu kilipiga mlio kama bunduki ya mtoto, na povu likaruka hadi kwenye mkono wa gwanda la askari. Wenzake waliruka nyuma na silaha zao, na kwa kitambo Mukandayisenga alijua atafia pale, kwa ajili ya tope. Kisha mmoja akacheka. Askari mwenyewe alilamba mkono wake, akakunja uso, akampiga kofi moja la shavu, akamwambia apite. Alipanda kilima shavu linawaka, kibuyu kifuani, na Mungu amsamehe, alikuwa na furaha.

Mtungi uliamka. Ulinong'ona, ukatokota, ukafanya ukoko wa povu la rangi ya udongo, na Silvère alipoingia alasiri ya Jumamosi, mwembamba kiasi cha suruali kufungwa kwa kamba, jiko zima lilikuwa linanukia ikigage. Alisimama mlangoni akavuta hewa, macho yakamjaa machozi.

Watu walikuja. Si wengi kama zamani, lakini walikuja. Alikuja Évode, fundi viatu wa kona ya juu, mcheshi asiyejua kunyamaza. Alikuja mzee Mugabo, mwashi aliyejenga nusu ya kuta za uchochoro ule. Walikuja na wengine wawili watatu, wakiingia kwa aibu ya watu waliochelewa miezi. Mama Shami alikaa pembeni na chai yake. Mukandayisenga alionja kwanza mbele ya macho yao, kama desturi, wajue haina sumu, kisha mirija ikaingia.

"Karani," Évode alisema, "huko walikuwa wanakuandikisha nini? Chawa?"

"Chawa walikuwa wengi kupita kalamu," Silvère alijibu, akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, nusu yake kikohozi, meno mawili ya mbele hayapo. Lakini kilikuwa chake. Mukandayisenga hakuwa amekisikia tangu Oktoba, na ilibidi ajifanye anachochea moto.

Mrija wa kwanza, ule wa aliyetoa chachu, ulikuwa bado mkononi mwake, haujatumika. Hapo ndipo shetani wa kiburi alipomshika. Alitoka nyuma ya nyumba hadi kwenye ua wa minyaa uliotenganisha viwanja viwili, akapaza sauti ya kusikika.

"Nyiraneza! Njoo uchukue mrija yako! Chachu yako imeamka!"

Nyiraneza alitokea haraka mno, kama aliyekuwa amesimama pale pale. Uso wake haukuwa na haya aliyotarajia Mukandayisenga. Ulikuwa na hofu.

"Imeamka namna gani?" alinong'ona. "Mimi niliipika."

"Najua uliipika. Pua yangu haikufa."

"Punguza sauti, nakuomba. Niliipika na bwana yangu anasikiliza hapo sebuleni. Ningekuambia nini, na kwa mdomo gani? Amewaahidi wakubwa wake majina. Kila mtu ataingia kwako kunywa na icyitso, na yeye wataandika ni icyitso. Ndiyo sababu alisema nikupatie. Alitaka upike." Alikuwa ameshika matawi ya mnyaa, utomvu ukimchuruzika vidoleni bila kujali. "Nilitaka mtungi ife, dada. Mtungi ikifa, kila mtu anabaki kwake. Angalia dukani."

Mukandayisenga aligeuka. Barazani pa duka la juu, Munyakazi alikuwa amekaa na chupa ya Fanta, kiti kimeelekezwa kwenye mlango wa uzio wa Mukandayisenga. Alikuwa ametulia, hana haraka, kama mtu anayetazama mpira.

Miguu ilimrudisha uani yenyewe. Évode alikuwa akimwigiza mteja mmoja mwenye kidole kikubwa, na Silvère alikuwa ameegemea ukuta, mrija mdomoni, amefumba macho kwa raha. Mukandayisenga aliwatazama wote, akaona jinsi walivyomwamini.

"Nendeni nyumbani," alisema.

Walicheka. Mtungi ulikuwa haujafika hata nusu. Ilibidi aseme tena, na ndipo walipoutazama uso wake, wakainuka. Hakuwaambia zaidi, hakuweza; na kuambiwa kusingewasaidia kitu. Mlango wa uzio ulikuwa mmoja. Walitoka kwa huo, mmoja baada ya mwingine, wakifuta midomo.

Évode na mzee Mugabo walichukuliwa wiki ile ile. Silvère hawakumgusa. Alikuwa amewafaa kama chambo, ameketi uani kwake, mtungi mbele yake, na sasa hakuna aliyemhitaji. Watu wa uchochoro waliacha hata ile salamu ya ncha ya ulimi. Alikaa ndani mchana kutwa, na mkewe alipomwuliza kama anataka kinywaji, alitikisa kichwa. Mvua zilipokwisha, ililetwa habari kwamba mzee Mugabo amefia gerezani kwa kuhara. Hakuna aliyethubutu kukaa matanga yake hadharani.

Mukandayisenga hakupika tena. Lakini chachu ya Nyabugogo aliitundika juu ya mafiga, akaipa unga kidogo kila ilipohitaji. Hakujua kwa nini. Labda kwa sababu nyumba isiyo na chachu aliiona si nyumba.

Kiangazi kilikuwa kimekolea, vumbi limefunika majani ya mnyaa, Spesiyoza mke wa Évode alipobisha hodi. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yanang'aa, na Mukandayisenga aliujua mng'ao ule kabla hajaambiwa neno.

"Wanamuachia," Spesiyoza alisema. "Alhamisi. Ametuma neno anataka kunywa na watu. Nimeloweka mtama, nimeanika kimea, yote iko tayari. Sina chachu."

Mukandayisenga alimvuta ndani, akafunga mlango.

"Usipike," alisema. "Nisikilize, Spesiyoza. Mpokee, umlishe, ulale naye. Usiite mtu. Wanataka ukusanye watu ili wawachukue. Ndivyo ilivyokuwa kwangu."

Spesiyoza alijitoa mkononi mwake. Mng'ao ulizimika, kikaja kitu kingine.

"Bwana yangu alikuja kwako," alisema. "Watu wote walimwambia asiende. Alisema Silvère ni rafiki yake, na mtu hawezi kukunywa peke yake akitoka kule. Alikunywa pombe yako na ikamfunga. Leo ni yeye anarudi, na weye unaniambia asipokelewe? Unataka abaki kama Silvère, ndani kama mgonjwa?" Sauti ilimkatika. "Unaninyima chachu, Mukandayisenga? Weye?"

Nyuma ya pazia Silvère alikohoa. Mukandayisenga aliona hakuna neno ambalo lingeingia katika masikio yale, kama vile ambavyo yeye mwenyewe asingelisikia mwezi ule wa Aprili hata likiletwa na malaika. Nje, kutoka barazani pa duka, ilisikika sauti ya Munyakazi akimwagiza mwenye duka Fanta.

"Sikunyimi," alisema. "Kaa. Naleta."

Aliingia jikoni. Aliteremsha kibuyu, akakifungua, na harufu ikamchoma pua, hai, kali. Akamega kipande kikubwa, cha kutosha mtungi mkubwa. Kisha akachochea makaa, akaweka sufuria juu ya mafiga, akaitia chachu ndani na maji kidogo, akasimama akiikoroga kwa mwiko taratibu hadi ikaacha kutoa mapovu. Alijua Spesiyoza atainusa siku moja, na alijua matusi atakayotukanwa, neno kwa neno. Akatandaza jani la mgomba, akaifunga vizuri, akaipeleka sebuleni kwa mikono miwili.